Bangili ya Bomu Haileti Toba

Wapendwa, katika mazungumzo ya vijana wetu baada ya ibada limezuka neno ambalo tunaona ni lazima lijibiwe. Wanaolisema wanadai kwamba, katika vitabu vya katuni vya Marekani, vikosi vya wakosaji viko karibu na Injili kuliko vikosi vya mashujaa safi. Kwao Justice League ni Mafarisayo waliovaa majoho, na Suicide Squad ndio watoza ushuru na wenye dhambi ambao Bwana alikula nao. Neno hili linavutia, na lina chembe ya ukweli. Lakini ni potofu, na likiachwa litaharibu namna yetu ya kuielewa neema yenyewe.

Kwanza tuwatendee haki. Justice League ilipoanza mwaka 1960, akina Superman, Wonder Woman na Flash walikuja wakiwa wema tayari. Kanuni ambazo wachapishaji walijiwekea mwaka 1954 zilitaka wema uushinde uovu kila mara. Msomaji aliyeanguka dhambini hakujiona humo. Biblia haiko hivyo. Daudi alipojificha katika pango la Adulamu, waliomwendea walikuwa watu kama 400, wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni. Bwana naye aliwaweka pamoja Mathayo mtoza ushuru na Simoni Zelote. Kwa hiyo hatuungani na wanaotaka vitabu hivi vichomwe kwa sababu tu wahusika wake ni wezi na wauaji. Kwa kipimo hicho hata Samsoni asingebaki katika kitabu cha Waamuzi.

Lakini tazameni kikosi hicho kinavyoendeshwa. Katika hadithi alizoanza kuandika John Ostrander mwaka 1987, Amanda Waller, afisa wa serikali, anawatoa wafungwa katika gereza la Belle Reve, Louisiana, na kuwatuma kwenye kazi za hatari. Ujira wao ni kupunguziwa kifungo. Mkononi wanafungwa bangili yenye bomu, na anayejaribu kutoroka hulipukiwa. Akifa mmoja, analetwa mwingine. Waller hamhitaji Deadshot awe mtu mwema; anaihitaji shabaha yake. Mwandishi hakuuficha ukatili wa mpango huu. Ni wasomaji wanaotaka kuubatiza.

Je, hiyo ndiyo karamu ya nyumbani kwa Zakayo? Bwana hakumwajiri Zakayo autumie ujanja wake wa kutoza kwa faida ya Ufalme. Aliingia kwake kama mgeni. Zakayo akasimama mwenyewe, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuwa na bangili mkononi. Toba inayolazimishwa kwa bomu ni woga tu, na woga hukoma bomu linapoondolewa.

Sasa tuwatazame hao wanaoitwa Mafarisayo. Mwaka 1965 Avengers waliwapokea watu watatu: Hawkeye, aliyekuwa amepigana na Iron Man, pamoja na ndugu wawili, Quicksilver na Scarlet Witch, waliotoka katika genge la Magneto. Habari zao zilijulikana. Walitaka wenyewe kuanza upya, wakapewa jina, nafasi mezani na kiwango kilekile cha wema kilichotakiwa kwa wengine. Hawkeye aligombana na kiongozi wake, Captain America, mara nyingi, lakini hakuna aliyemfunga bomu.

Tena kuna Thunderbolts, walioanza mwaka 1997: waovu wa Baron Zemo waliovaa mavazi mapya na kujifanya mashujaa. Baadhi yao, walipoonja shukrani za watu, walitamani kuwa kweli kile walichokuwa wakikiigiza. Baadaye Hawkeye alikwenda kuwaongoza. Aliyepokewa akajua kupokea.

Basi hoja haiko kati ya walio safi na wachafu. Iko kati ya kutumiwa na kupokewa. Ndiyo maana jambo hili si la katuni tu. Kuna sharika zinazoendeshwa kwa mtindo wa Waller. Tajiri ambaye kila mtu ananong'ona kuhusu njia za utajiri wake huketishwa kiti cha mbele siku ya mavuno, na hakuna anayeuliza habari za roho yake mpaka mavuno mengine. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa na kwaya mbele ya watu, lakini askofu anapokuja huitwa jikoni kusugua masufuria. Kijana aliyempa mimba huendelea kupiga kinanda, kwa kuwa hakuna mwingine anayekijua. Watu hao watatu wanatumiwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepokewa. Kuiita hali hiyo huruma kwa wenye dhambi ni kulitaja jina la Bwana bure.

Vijana, endeleeni kusoma. Lakini kwa kila kikosi mnachokisifu, ulizeni: mtu huyu akivunjika mkono, asiweze tena kulenga shabaha, atabaki na kiti chake mezani? Belle Reve atarudishwa seli. Mefiboshethi, mlemavu wa miguu yote miwili, asiyeweza kumpigania mtu vita, alikula mezani pa mfalme Daudi siku zote.

Nanyi wazee wa kanisa, swali hilohilo ni lenu. Binti yule aitwe kutoka jikoni, aketi na wenzake. Mpiga kinanda aitwe kwenye toba, hata kama Jumapili kadhaa tutaimba bila kinanda.