Kompyuta ya zamani: tubadili diski au tununue nyingine?

Mwenye duka la steshenari karibu na shule ya sekondari anawasha kompyuta yake asubuhi, anatoka kufagia kibaraza, anarudi, bado haijawaka. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya fomu ameshachoka kusubiri. Fundi wa mjini anamwambia aweke SSD. Muuzaji wa duka la jirani anamwambia Windows 10 imekwisha muda wake, anunue kompyuta nyingine. Kila mmoja ana ukweli wake, ila wanazungumzia matatizo mawili tofauti, na anayeyachanganya ndiye anayepoteza fedha.

Tuanze na uzito wa mashine. Kompyuta mpakato nyingi za miaka kumi iliyopita zina diski yenye sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaotembea juu yake kutafuta mafaili. Waliowahi kuona santuri wataelewa haraka. Kompyuta inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kwenye sahani, na mkono ule hukimbizwa huku na kule. SSD haina kinachozunguka. Huhifadhi kila kitu kwenye chipu, kama simu uliyoishika sasa hivi, na ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka chini ya dakika moja.

Kwa tunaosafiri na kompyuta kwenye barabara za vumbi kuna faida ya ziada. Diski inayozunguka ikipata mtikisiko ikiwa kazini inaweza kukwaruzika na mafaili yakapotea. SSD haina sahani ya kukwaruza. Umeme nao inatumia kidogo zaidi, jambo jema kwa wenye sola, ingawa betri iliyochoka itabaki imechoka.

Kabla ya kumlipa fundi, hakikisha tatizo ni diski kweli. Kwenye Windows 10 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya Disk. Ikiwa inakaa asilimia 100 hata usipofanya chochote, diski ndiyo inayokuchelewesha. Ikiwa iliyojaa ni Memory, unahitaji kuongeza RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 2 tu za RAM itaendelea kusuasua hata ukiiwekea SSD nzuri. Pia kuna kompyuta ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake, mara nyingi gigabaiti 32 au 64, imechomelewa kwenye bodi. Hizo hazibadilishwi diski, na fundi mkweli atakuambia hivyo mapema.

Sasa hilo la pili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, lakini mianya mipya inayotumiwa na wezi wa mtandaoni haizibwi tena bila mpango maalumu. Windows 11 nayo ina masharti: kwa prosesa za Intel, rasmi huanzia kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017. SSD haibadilishi prosesa. Kompyuta ya mwaka 2014 ukiiwekea diski mpya itakuwa nyepesi, na bado itakuwa nje ya orodha.

Hapa tuna la kusema. Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Watumiaji wa eneo la kiuchumi la Ulaya walipewa bure, baada ya watetezi wa walaji huko kupiga kelele. Nje ya hapo ni kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za Microsoft, au kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kupitia akaunti yao. Kwa mwenye bando la kupima, hata hiyo njia isiyo na malipo si ya bure sana. Njia nyingine ni kuweka Linux Mint, ambayo haiuzwi na inatosha kwa barua, mahesabu na intaneti. Tatizo ni pale unapotegemea programu iliyotengenezwa kwa Windows pekee.

Wakati nao una uzito. Kampuni kubwa zinazojenga vituo vya akili mnemba zinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi, na tangu mwishoni mwa 2025 bei zimekuwa zikipanda. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wateja wa kawaida, ili ihudumie wanunuzi wakubwa. Kwa hiyo ushauri wa "subiri zitashuka" tunauona umepitwa na wakati. Kwa kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, SSD ya gigabaiti 240 inatosha wengi wetu. Ile ya terabaiti kadhaa inayouzwa kwa bei ya kutupa, iogope: zipo za bandia zinazotangaza ukubwa zisionao, na mafaili huharibika zinapojaa.

Ukifika kwa fundi, usikubali kuuziwa Windows ya kuvunjwa. Kama Windows 10 yako ilikuwa halali, leseni yake kwa kawaida inatambuliwa kwenye bodi ya kompyuta, hivyo ukiiweka upya toleo lilelile kwenye SSD hujithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Diski ya zamani nayo usiiache mezani kwake. Ina picha zako, vyeti na hesabu za kikundi. Ikiwa bado nzima, nunua kasha lake la waya wa USB uitumie kuweka nakala, kwa sababu SSD ikifa hufa ghafla, bila ile milio ya kukwaruza tuliyozoea kama onyo.