"Nunua Mausi" Si Jibu

Lalamika popote walipo mafundi wa Linux kwamba tachipadi ya laptopu yako inasumbua, na jibu litakufikia kabla hujamaliza sentensi: "Nunua mausi." Jibu hilo ni uvivu uliovaa koti la utaalamu. Mtu ana tachipadi nzima, iliyomtii vizuri kwenye Windows hadi jana, halafu tunamtuma dukani akanunue kifaa cha kuficha aibu yetu!

Aibu hiyo sasa haifichiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia huku kwetu, kina ThinkPad na Latitude zilizostaafishwa maofisini Ulaya na Marekani, hazina sifa za kupandishwa Windows 11. Sisi mashabiki wa programu huria tukapaza sauti: njooni Linux, ni bure, haitupi mashine nzima jalalani. Watu wakaja. Kitu cha kwanza kukigusa kikawa tachipadi. Kidole kimetulia, kishale kinatetemeka. Mwalimu anachapa mtihani, kiganja kinagusa pembeni, ghafla swali la kumi linaendelea katikati ya swali la tatu. Hapo hakuna hotuba ya uhuru wa programu itakayomshika. Atarudi alikotoka, na haki anayo.

Dawa ipo, wala haina uchawi. Kazi ya kutafsiri mwendo wa vidole kwenye Linux leo hufanywa zaidi na libinput, programu iliyoanzishwa na Jonas Ådahl na kubebwa kwa miaka na Peter Hutterer wa Red Hat. Mazingira ya eneokazi ya GNOME na KDE yote yanaitegemea. Ugumu wake ni kwamba tachipadi hazifanani: namba ambayo kwenye mashine moja ni kidole, kwenye nyingine ni kiganja kizima. Kwa hiyo libinput hutunza mafaili ya vifaa vyenye vituko, modeli kwa modeli: hii, mgandamizo ukizidi kiwango fulani, hesabu ni kiganja, ile, usiamini chochote inachosema kuhusu mgandamizo. Tofauti kati ya laptopu inayokera na inayotii inaweza kuwa mistari michache tu ndani ya mafaili hayo.

Linalonipandisha hasira zaidi ni hili. Tachipadi nyingi za Synaptics zinaweza kuzungumza na kompyuta kwa njia mbili: PS/2, ambayo IBM iliileta mwaka 1987 kwa ajili ya kibodi na mausi, na SMBus, inayopitisha taarifa nyingi zaidi za vidole. Kwa modeli isiyothibitishwa, draiva ya Linux haithubutu kuiwasha SMBus yenyewe, maana ikikosea tachipadi inaweza kugoma kabisa. Basi inaandika ujumbe: tachipadi yako inasema inaweza kutumia njia nyingine, jaribu kuweka psmouse.synaptics_intertouch iwe 1, kisha utuarifu. Andika amri ya dmesg kwenye terminali, huenda ukaukuta ujumbe huo kwenye mashine yako. Draiva yenyewe inaomba msaada kwa maandishi, na fundi anayesema "nunua mausi" hajawahi kuusoma ujumbe huo.

Najua nitaambiwa: wasanidi wengi wanajitolea, usiwadai. Siwadai wao. Nawadai wanaouza. Dell iliingiza sokoni XPS 13 yenye Ubuntu tangu 2012, kwa hiyo hoja kwamba Linux haina wanunuzi imekufa zamani. Mtengenezaji anayeijaribu tachipadi yake kwenye Windows kabla ya kuiuza anashindwa nini kuijaribu kwenye Linux? Fedha zikitoka, kazi huonekana: mradi mmoja wa kuboresha tachipadi za Linux ulichangisha fedha za kumlipa msanidi, na mwaka 2021 X.Org Server 21.1, programu ya kuonyesha madirisha kwenye Linux, ikatoka ikiwa na uwezo wa kutambua ishara za vidole kwenye tachipadi.

Lakini wauzaji wasiwe kichaka chetu. Fundi unayelipwa kuweka Ubuntu kwenye laptopu ya mtumba, kazi yako haijaisha skrini ikiwaka. Soma dmesg. Endesha libinput record, sogeza vidole mpaka tatizo lijitokeze, kisha peleka faili lililorekodiwa kwa wasanidi pamoja na jina kamili la modeli. Marekebisho yakikubaliwa, kila mwenye mashine kama hiyo, awe Mwanza au Mombasa, atayapata kwa kusasisha mfumo tu, bila kumlipa mtu. Kama hilo nalo linakushinda, acha kujiita fundi wa Linux. Jiite muuza mausi.