Helmeti na Sifa ya Ugumu

Wako watu wasemao kwamba helmeti njema ni ile iliyo ngumu. Huigonga kwa vifundo vya vidole, wakasikia mlio, wakaridhika. Msomaji, mimi naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, maana ni imani iuayo.

Tazama hesabu. Kichwa kiangukacho kutoka kimo cha mita 1.25 hufika chini kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Kikisimamishwa katika nafasi ya milimita 2, kani inayokipiga ni, kwa wastani, kiasi cha mara 625 ya uzito wake. Kipe milimita 20 za kusimamia, na kani hiyo hushuka hadi kiasi cha mara 62. Ugumu haukufanya kazi hiyo. Imefanywa na kitu kilichokubali kubonyea.

Gamba la nje lina kazi yake, nayo ni kuzuia ncha ya jiwe na kulitawanya pigo. Lakini gamba halina huruma. Auokoaye ubongo ni ule utando mweupe, mwepesi, wa namna ileile iizungukayo televisheni mpya ndani ya kasha. Vijishimo vyake vya hewa hupondeka, vikalimeza pigo, wala havirudi tena. Ndiyo sababu helmeti iliyokwisha kugonga barabara mara moja haifai tena, hata ikiwa inang'aa.

Basi nenda njia panda ya Mamboleo, pale barabara ya Miwani inapoachana na ile ya Kakamega, ukachungulie ndani ya helmeti za bodaboda. Nyingine ni kamili. Nyingine ni gamba na kitambaa tu! Sheria ya Trafiki humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti, na kwa mbali sheria imetimizwa.

Nitajibiwa kwamba mwendeshaji ni maskini. Ni kweli, na kwa hiyo dhuluma ni kubwa zaidi, kwani alilipa bei ya helmeti akauziwa ndoo.

Mnamo 2019 kampuni ya Riddell ya Marekani ilitoa helmeti za kandanda ya Kimarekani zenye kimia ndani, kilichojengwa na mashine tabaka juu ya tabaka. Vijiti vyake hupinda, vikalimeza pigo, vikarudi. Fundi huvinenepesha hapa na kuvipunguza pale. Usiambiwe kwamba elimu hiyo ni ya wageni. Mwombe mwuza nyama akupasulie ncha ya mfupa wa paja la ng'ombe, utakiona kimia kama hicho: vijiti vyembamba na nafasi kati yake, vyepesi, vichukuavyo mzigo wa mnyama mzima.

Mashine hiyo si lazima ije Mamboleo kesho. Utando mweupe watosha, mradi uwemo. Kabla ya kupanda, ingiza kidole gumba ndani ya helmeti upewayo, chini ya kitambaa, ubonyeze. Ukigusa gamba tupu, mwambie mwenye pikipiki waziwazi, mbele ya wenzake, kisha utafute nyingine.