Yonge kwa Miguu, Kutoka Thornhill Hadi Ziwani

Mtaa wa Yonge tunaupita kila siku, ila wengi wetu tunaupita kwa chini. Mtu anapanda basi hapa Thornhill, anashuka Finch, anaingia shimoni, anaibukia Bloor au Union. Miaka inakatika na mji kichwani mwake ni orodha ya vituo tu. Ukimwuliza kati ya Lawrence na Eglinton kuna nini, atakuambia kuna giza.

Jumamosi moja ya Mei niliutembea wote, mimi na mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo hapa na kuishi kwangu. Ni kama kilomita 20 hadi Ziwa Ontario, sawa na mtu aanze Posta alenge Tegeta. Nilipomweleza mama kwenye simu, aliuliza, "Gari limeharibika?" Nikasema hapana. "Basi kuna msiba?" Kwetu mtu hutembea mbali kwa sababu. Kutembea bila shida kuna jina lake, ni kuzurura.

Tulianza saa moja asubuhi kwenye kona ya Yonge na Centre Street, zilipobaki nyumba chache za zamani za kijiji. Jina Thornhill limetoka kwa Benjamin Thorne, mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyekuwa na kinu hapa. Barabara yenyewe ni ya zamani zaidi. John Graves Simcoe, aliyeitawala Upper Canada kwa niaba ya Uingereza, aliamuru ikatwe msituni miaka ya 1790, akaipa jina la Sir George Yonge, waziri wa vita wa Uingereza. Huyo Yonge baadaye alipelekwa kuwa gavana wa Rasi, kule Afrika Kusini, 1799 hadi 1801. Wenzetu wa kusini walikuwa wameshamjua.

Jambo moja ukilijua hupotei. Wapimaji wa enzi hizo walitumia mnyororo, na barabara kubwa zinazokatiza Yonge waliziweka minyororo 100 kutoka moja hadi nyingine, yaani kilomita 2 na kidogo. Steeles, Finch, Sheppard, York Mills, Lawrence, Eglinton, St. Clair, Bloor, Queen. Ukifika kila moja unajua umemaliza kilomita 2 nyingine, na kwa mwendo wa kawaida ni nusu saa. Kijana alifurahia hesabu hiyo kuliko historia yote niliyomsimulia.

Kati ya Steeles na Finch mabango ni ya Kifarsi na Kikorea. Tulinunua mkate wa Kiirani ukiwa wa moto, tukaula tukitembea, jambo ambalo mama asingelipenda pia. Baada ya Sheppard raha inaisha kwa muda, kwa sababu magari yanayoingia na kutoka barabara ya 401 yanakata njia ya waenda kwa miguu. Hapo usivae vifaa vya masikioni. Kisha barabara inateremka kwenye bonde la Hogg's Hollow, na mto Don unapita chini.

Bondeni hapo, tarehe 17 Machi 1960, wahamiaji watano wa Kiitaliano walikufa handakini wakijenga njia ya bomba la maji chini ya mto. Moto ulizuka, wakakosa hewa. Hawakuwa na vifaa vya kuwaokoa, na Kiingereza hawakukijua vizuri. Vifo vyao ndivyo vilivyowaamsha watu wa Ontario hadi sheria za usalama kazini zikabadilishwa. Kituoni York Mills kuna kitambaa kikubwa cha viraka, kazi ya msanii Laurie Swim, kwa kumbukumbu yao. Kijana alisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Tulipoanza kupanda upande wa pili ndipo akasema, "Shangazi, nimefeli masomo mawili."

Haya ninayoyaandika ameniruhusu, bila jina. Nilijua anafanya kazi ya kufunga mizigo ghalani. Sikujua kwamba tangu Januari alikuwa akifanya zamu nne za usiku kwa wiki. Aliniambia analala kwa rafiki karibu na chuo ili asome. Baba yake, yaani kaka yangu, aliuza kiwanja chake cha Kibaha kulipia ada ya mwaka wa kwanza. Kijana aliona deni lile kila alipofungua kitabu, akaamua kulipunguza kwa mikono yake. Kila zamu aliyoongeza ilimla masomo, na kila alama iliyoshuka ilimfanya aone aibu ya kusema.

Sikumjibu haraka. Mlima ule ni mkali, pumzi yenyewe ilikuwa ya kuombwa. Lakini pia kazi ya wadini imenifundisha kwamba mgonjwa hasemi la moyoni ukiwa umekaa mbele yake na kalamu. Anasema unaporekebisha dripu, macho yako yakiwa kwenye mpira. Kutembea bega kwa bega ni hivyo hivyo. Tumekaa mezani kwangu miezi minane, tukila wali, nikiuliza "Masomo vipi?" na kujibiwa "Salama tu, Shangazi." Ilihitajika kilomita 8 na mlima.

Hadi Eglinton alikuwa ameniambia yote, pamoja na barua pepe ya chuo ambayo hakuwa ameifungua kwa wiki tatu. Tuliifungua tukiwa tumekaa kwenye benchi. Haikusema anafukuzwa. Ilimwita kwa mshauri wa masomo.

Karibu na hapo, Desemba 1837, wafuasi wa William Lyon Mackenzie walikusanyika kwenye baa ya Montgomery, wakashuka Yonge kwenda kuiangusha serikali, wakashindwa. Tulikula chipsi. Baada ya Davisville njia inapita kando ya makaburi ya Mount Pleasant, yaliyofunguliwa 1876. Nikamwomba tuingie, maana Frederick Banting na Charles Best wamelala humo, na mimi kila siku nadunga insulini waliyoitafuta Toronto mwaka 1921. Januari 1922 Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14, alikuwa wa kwanza kudungwa. Sindano ya kwanza haikufanya kazi vizuri, ikabidi dawa ikasafishwe upya. Nilimwambia hilo, akacheka: "Shangazi, hapo unanipa mawaidha." Nilikuwa nampa mawaidha, ndiyo.

Kusini mwa St. Clair kuna mteremko ambao ukiwa ndani ya treni huwezi kuuhisi. Ule ulikuwa ufuo. Maelfu ya miaka iliyopita, barafu ilipokuwa inayeyuka, ziwa lilifika pale, na katikati yote ya mji wa leo ilikuwa chini ya maji. Miguu yako ikiwa imechoka, taarifa hiyo inatia moyo: unashuka hadi mwisho.

Karibu na Bloor iko maktaba kubwa iliyofunguliwa 1977, iliyochorwa na Raymond Moriyama, mtoto wa Wajapani wa Kanada. Choo ni bure na safi. Mbele zaidi ni uwanja wa Dundas, ambao Desemba 2023 halmashauri ya jiji ilipiga kura uitwe Sankofa, neno la Waakani wa Ghana la kurudi kuchukua kilichoachwa nyuma. Tulifika ziwani saa tisa na nusu alasiri. Nyumbani ilikuwa saa nne na nusu usiku, na alimpigia baba yake pale pale. Kaka yangu alinyamaza, kisha akauliza kurudia masomo mawili ni dola ngapi. Hakuuliza kingine. Sasa kijana amebaki na zamu moja, ya Jumamosi mchana, na Septemba anarudia masomo. Kiwanja hakirudi.

Kwa wanaotaka kujaribu: vaa raba ulizokwisha kuzizoea, na soksi jozi mbili, ya pili ya kubadilisha pale Eglinton. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu na apime sukari njiani, kisha aangalie nyayo zake akifika. Lengelenge usilipasue. Wenye watoto wadogo anzeni Eglinton, mbaki na kilomita 8, nyingi za kushuka. Ukishindwa popote, kituo cha treni hakiko mbali, isipokuwa kaskazini mwa Finch, ambako utasubiri basi kama sisi sote.