Staa Kahamia Simu ya Wino, Sasa Simu Yake ya Rangi Anaishika Nani?

Kuna staa mmoja wa Bongo Flava, jina naliacha maana wenyewe mtalimalizia, wiki hii kawaaga mashabiki. Muziki hajaacha. Kaacha simu ya rangi. Kaposti picha ya kasimu kenye kioo cheusi na cheupe kama ukurasa wa gazeti, akaandika kwamba ameamua kulinda akili yake na kwamba vijana tuache kuishi ndani ya simu. Likes zikamiminika. Siku haijaisha, kwenye magrupu watu wameshaanza kuulizana hiyo kitu inapatikana wapi na bei gani.

Mimi sina ugomvi na staa. Nina swali dogo tu: hiyo posti kaiweka nani? Maana tangu siku hiyo page yake imeendelea kushusha video za mazoezi, vipande vya wimbo mpya na matangazo ya biashara, rangi tupu, tena kwa kasi ileile. Yeye kapumzika, simu yake haijapumzika. Kuna mtu analipwa kuishika.

Sasa kabla hujauza simu yako ukafuata mkumbo, tuangalie hii kitu vizuri.

Kioo cha simu tulizozoea kinatoa mwanga chenyewe, kinakumulika usoni. Kioo cha wino wa kielektroniki, yaani e-ink, hakifanyi hivyo. Ndani yake kuna vipovu vidogo mno, na kila kipovu kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti za umeme. Umeme ukiamrisha, nyeupe zinapanda juu au nyeusi zinapanda, ndipo herufi inatokea. Ikishatokea inakaa hapohapo bila kula umeme mpaka ubadilishe ukurasa. Kazi hii ilianzia chuo cha MIT kule Marekani, kampuni ya E Ink ikaanzishwa 1997, na wengi waliiona kwa mara ya kwanza kwenye Kindle ya Amazon iliyotoka 2007. Wewe unasoma kwa mwanga wa nje, kama unavyosoma karatasi, na nyingi zina kataa kadogo ka pembeni kwa ajili ya usiku.

Faida zake ni za kweli, tusibishe. Simama stendi ya Mbagala Rangi Tatu saa saba mchana na simu ya kawaida: unaifunika kwa kiganja, unaipandisha mwanga mpaka mwisho, betri inayeyuka na bado huoni vizuri. Ya wino, jua likizidi ndiyo inasomeka zaidi. Ukisoma kitabu au notisi za mtihani kwa saa 2, kioo chenyewe hakili chaji ya maana. Umeme ukikatika mtaani huna presha sana. Na kweli, video za kucheza zikiwa za kijivu hazina utamu, kwa hiyo kidole kinachoka chenyewe.

Shida inaanza ukitoka kwenye kusoma.

Kwanza ni spidi. Zile chembe zinatembea, na kutembea kunachukua muda. Ukiskroli, picha ya zamani inabaki kama kivuli nyuma ya mpya, mithili ya ubao uliofutwa vibaya. Video inacheza, lakini kwa kukatakata. Dereva wa bodaboda wa mtandaoni anafurahi kwamba juani anaiona ramani, halafu anagundua ramani inajivuta na ile mistari myekundu ya foleni yote imegeuka kijivu.

Pili ni rangi, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Kuna dada anauza magauni Insta, hana fremu Kariakoo, hana kibanda. Duka lake lote liko mkononi. Mteja anaandika, "Dia, hilo gauni lipo la damu ya mzee?" Kwenye kioo cha wino, damu ya mzee na bluu iliyokoza vinaweza kuwa kijivu kilekile. Atajibu nini? Ni kweli zipo simu za wino zenye rangi. Teknolojia inayoitwa Kaleido 3 inatoa rangi 4,096, wakati kioo cha kawaida kinafika zaidi ya milioni 16. Matokeo yake unaona kitenge kama kimelowekwa kwenye jiki. Huwezi kumuuzia mtu gauni la harusi kwa picha ya namna hiyo.

Na hawa watu si wachache mjini. Kuna wapambaji wa kumbi, wapaka makeup, mafundi cherehani, wapiga picha, wanaopika keki, madansa wanaosubiri kuonekana TikTok ili waitwe kwenye video. Kwao simu ya rangi ni jembe. Ukimwambia mkulima atunze afya ya mgongo wake kwa kutupa jembe, atakuuliza atakula nini jioni.

Tatu ni lile ambalo staa hakulisema kabisa. Kioo cheusi na cheupe kinapunguza utamu wa picha na video, basi. Umbea hauhitaji rangi. Simu ya wino yenye Android inaingiza WhatsApp kama kawaida, na unaweza kugombana kwenye grupu mpaka saa nane usiku kwa herufi nyeusi safi kabisa, tena betri ikiwa imejaa. Ex wako atasomeka vizuri tu. Na mikeka je? Mkeka ni majina ya timu na namba. Unawekwa hata kwa kiswaswadu. Kijana ambaye mshahara wake unaishia kwenye odds, ukimpa kioo cha wino umemsaidia kuziona odds zake juani.

Kwa hiyo ukiniuliza, simu hii inamfaa mtu ambaye ugonjwa wake ni video na kazi yake ni maandishi. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, msomaji wa vitabu, mtu wa ofisini ambaye kompyuta yake ndiyo inafanya kazi za rangi. Na inamfaa zaidi yule mwenye uwezo wa kuwa na simu 2. Hilo la simu 2 ndilo siri ya mastaa wote wanaotuhubiria utulivu. Ukiona mtu maarufu hapatikani hewani, jua kuna meneja anayepatikana. Wewe usipopatikana kwa saa 3, mteja kashahamia kwa jirani.

Cha kuchekesha ni kwamba kioo hiki kwenye simu kilikuja kama kitu cha watu wa chini. Mwaka 2006 Motorola walitoa Motofone F3, simu ya bei rahisi iliyolengwa kwa nchi kama India. Kioo chake kilionyesha mistari 2 ya herufi 6 kila mmoja, kusoma meseji ilikuwa adhabu, lakini chaji ilidumu na juani ilionekana. Leo kioo cha jamii ileile kinauzwa kama anasa ya mtu aliyechoka na mtandao. Light Phone II ya Marekani, iliyotoka 2019 bila kamera na bila mitandao ya kijamii, iliuzwa dola 299. Hiyo ni zaidi ya laki 7 za kwetu, kabla hujalipa usafiri wala ushuru. Kwa hela hiyo unalipiwa usumbufu ambao kiswaswadu cha mjini kinakupa kwa bei ya chee. Na ajabu nyingine, walipotoa Light Phone III mwaka 2025, waliachana na wino wakaweka kioo cha OLED, ila wakabakiza mwonekano wa nyeusi na nyeupe. Wauzaji wa utulivu wenyewe wamehama.

Tena kuna mitego ya kununua kwa kufuata picha. Boox Palma ya 2023 ina umbo la simu kabisa, utaipenda, lakini haina sehemu ya kuweka laini. Ni ya kusomea. Baadhi ya Hisense zilizotengenezewa soko la China huwa haziji na huduma za Google, kwa hiyo Play Store unaihangaikia mwenyewe. Warusi nao walikuwa na YotaPhone tangu 2013, kioo cha rangi mbele na cha wino mgongoni, na kwa maoni yangu lile ndilo lilikuwa wazo zuri kuliko yote, maana hukuhitaji kuchagua. Kampuni ikafilisika 2019. Kioo kikipasuka, nenda kwa fundi wako umwambie unataka kioo cha wino, uone atakavyokuangalia.

Sasa kama kweli unahisi simu inakula maisha yako, na najua wapo wengi wanaolala saa tisa usiku huku wana kazi saa moja asubuhi, kuna jaribio la bure. Ingia kwenye mipangilio ya simu hiyohiyo uliyonayo, sehemu ya ufikivu, tafuta mahali pa kubadilisha rangi, weka kijivu. iPhone inayo, na Android nyingi zinayo. Haitakupa ule usomaji wa juani wala betri ya wino, kioo bado kinamulika. Lakini itakujibu swali la msingi: ni rangi ndiyo inayokushika, au ni kitu kingine? Kaa nayo wiki 2. Ukiona TikTok imekupoteza na usingizi umerudi, basi simu ya wino inaweza kukufaa, anza kukusanya hela. Ukiona bado uko hewani usiku kucha kwenye magrupu na mikeka, laki 7 zako zitunze, tatizo haliko kwenye kioo.

Staa abaki na utulivu wake, na simtakii mabaya. Ila akitaka kutushauri sisi, aseme na nusu ya pili: kwamba ana watu wa kumshikia kelele. Wewe ambaye simu ndiyo duka, ndiyo CV, ndiyo meneja, zima rangi usiku ukishafunga duka, ulale. Asubuhi iwashe. Mteja wa gauni la damu ya mzee bado anasubiri jibu.