Kabla ya Kutia Kidole

Juma hili twaweka kando maswali mengine yote, maana imetufikia barua moja kutoka Kolwezi isiyoweza kungoja. Imeandikwa na msichana wa miaka 20, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa ajili ya mama yake asiyejua kusoma. Majina yao hatuyataji, wala kartie yao.

Baba wa nyumba hiyo alifariki mwaka jana. Yeye na mkewe walinunua parseli wakiwa wamekwisha oana, wakajenga nyumba ya matofali, wakapanda miembe miwili, wakalea watoto watano. Sasa shimo la madini limekaribia. Walikuja watu wenye madaftari na kamba za kupimia, wakaandika namba ukutani kwa rangi nyekundu, wakasema kwamba nyumba zote za mstari ule zitaondolewa na wenyewe watalipwa. Siku chache baadaye ndugu mkubwa wa marehemu akafika na karatasi ya Kifaransa yenye kurasa nne. Akamwambia mjane: «Shemeji, tia kidole hapa. Fedha nitapokea mimi, kwa kuwa nyumba ni ya ukoo wetu. Ukikataa, nitakupeleka polisi.» Mama akaomba angojewe hadi mwisho wa mwezi. Binti akashika kalamu.

Swali lake ni fupi: «Mama ana haki gani, na ni nani atakayetueleza bila kutudai fedha?»

Binti yetu, msomee mama maneno haya polepole, na pale asipofahamu, rudia.

Kwanza, mama asitie kidole. Asikitie kwa hofu, wala kwa kumheshimu shemeji yake, wala kwa kuwa jirani ametia chake. Heshima yaweza kutolewa kwa njia nyingine. Watu wa Kolwezi hawahitaji kufundishwa na sisi uzito wa sahihi. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Walipewa fedha kwa mara moja, mambo yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Miaka mingi baadaye wengi wao walikuwa wangali wakidai kwamba walipokea pungufu ya haki yao. Baadhi yao ni wazee wa kartie yenu, nendeni mkawaulize.

Labda mtu atasema: «Lakini mama hakujua sheria.» Kwa bahati mbaya neno hilo halimsaidii. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 62, yasema kwamba hakuna anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Ni neno gumu kwa mama ambaye hakupata kukaa darasani. Hata hivyo, Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 142, yaiagiza Serkali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika muda wa siku 60 tangu sheria ilipotangazwa na Rais. Vifungu hivi viwili ni kama ndoo mbili za mzega mmoja. Mwananchi amekwisha kubebeshwa ndoo yake. Twauliza tu kama ile ya pili imejazwa. Jirani zetu wa Tanzania walibadili sheria yao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwetu Lualaba mtu hununua unga, hugombana, hupatana na huungama dhambi zake kwa Kiswahili, kisha nyumba yake yachukuliwa kwa Kifaransa.

Haya, tuje kwa haki zenyewe. Sheria ya Jamaa ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa sheria hiyo, mume na mke wasipochagua utaratibu mwingine wa mali walipooana, vitu walivyovipata katika ndoa ni vya wote wawili. Kwa hiyo mume akifa, nusu ya mali hiyo si urithi hata kidogo. Ni mali ya mke, naye alikuwa nayo mumewe angali hai. Kinachogawanywa ni ile nusu ya marehemu peke yake.

Katika nusu hiyo, watoto huchukua robo tatu, wa kiume na wa kike sawasawa. Hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ikiwa baba alimkubali kisheria angali hai, ana fungu lake. Robo iliyobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Wakiwapo wote, kila kundi hupata sehemu moja ya kumi na mbili ya urithi. Yakiwapo makundi mawili tu, kila moja hupata sehemu moja ya nane.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina ukoo. Tuseme fidia ya nyumba na kiwanja ni dola 12,000, na wazazi wa marehemu walikwisha kufa. Dola 6,000 ni za mama kwanza. Katika 6,000 zilizobaki, watoto wapate 4,500. Mama apate 750 tena. Ndugu wote wa marehemu kwa pamoja wapate 750, wagawane wao kwa wao. Kumbe shemeji si mtu asiye na haki kabisa, na si vema kumfanya mwizi mbele ya watoto. Lakini anataka kupokea 12,000 kwa sababu ya fungu la 750, tena fungu lenyewe si lake peke yake.

Huenda shemeji akajibu kwamba yeye ndiye msimamizi wa urithi, yule aitwaye likidateri. Msimamizi hutoka katika warithi, na wasipopatana, tribinali huamua. Hata akithibitishwa, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kumpa kila mrithi fungu lake na kutoa hesabu. Kusimamia mali hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Tena, kabla ya kuhamishwa, hawezi kumfukuza mjane nyumbani: sheria yampa mke aliyebaki haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Katika karatasi za Kifaransa utaliona neno usufruit. Likariri, binti, na ulitafute katika kurasa zile nne. Lisipokuwamo, uliza kwa nini.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Barua yasema kwamba wazazi walifunga ndoa parokiani. Haisemi kama ndoa hiyo iliandikishwa kwa Serkali. Sakramenti ni sakramenti, wala hatuipunguzi. Lakini cheti cha paroko hakishiki mahali pa cheti cha komini. Hesabu ya nusu ya mama yategemea ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa Serkali, au iliyofungwa kwa mila katika jamaa, kisha ikaandikishwa kwake. Fungueni sanduku la marehemu, mtafute kile kitabu cha ndoa. Kama hakipo, msikate tamaa. Mwelezeni mwanasheria mambo yote yalivyo, bila kuficha. Kwa upande wa watoto, haki yao haipotei kwa kukosekana kwa cheti cha ndoa, ikiwa baba aliwakubali kwa sheria. Na ninyi wazazi vijana msomao haya, mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa. Ukipitisha siku hizo, utalazimika kutafuta hukumu ya tribinali kwa jambo ambalo lingekwisha kwa asubuhi moja.

Sasa juu ya kampuni. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, katika kifungu cha 281, yasema kwamba mwenye haki ya madini akichukua ardhi na kuwanyima watu matumizi yake, hao watu wakidai, hulazimika kuwalipa fidia ya haki: ama kodi, ama thamani ya ardhi ilivyokuwa wakati wa kuchukuliwa, pamoja na nusu ya thamani hiyo juu yake. Kiwanja cha thamani ya dola 4,000 basi ni 6,000. Tena sheria haisemi habari ya wenye hati ya ardhi peke yao. Yataja ardhi ambayo watu wameitumia siku zote, au wanaitumia kweli, kwa haki yo yote. Mtu akikuambia, «Huna hati, kwa hiyo huna kitu,» mwombe akuonyeshe kifungu asemacho. Pande mbili zisipoafikiana juu ya kiasi, tribinali ndiyo itakayokata shauri.

Twajua kwamba kilichoandikwa na kinachotendwa ni vitu viwili. Mnamo Septemba 2023, Amnesty International na shirika la hapo Kolwezi liitwalo IBGDH walitoa taarifa juu ya watu waliohamishwa kwa sababu ya migodi ya shaba na kobalti, wakiwamo wa Cité Gécamines, mtaa wenye watu wapatao 39,000. Walisema kwamba watu wengi waliondolewa bila kushauriwa ipasavyo, na kwa fidia isiyotosha kupata nyumba kama ile waliyoiacha. Ndiyo sababu kiasi kilichoandikwa katika karatasi yenu kilinganishwe na bei ya kiwanja cha leo, si cha mwaka mlionunua.

Juu ya polisi, maneno machache. Kugombania urithi si kosa la kumfunga mtu. Mashauri ya jamaa na ya urithi ni ya tribinali ya amani. Ikitokea hata hivyo kwamba mama amekamatwa, kifungu cha 18 cha Katiba chaamuru aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoifahamu, na aruhusiwe kuwapasha habari jamaa zake au wakili wake. Asiwekwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria.

Ni nani basi atakayewasaidia bila malipo? Kwa amri ya sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, kila Baro ya mawakili yapaswa kuwa na ofisi ya mashauri ya bure kwa watu wasio na uwezo. Si sadaka ya wakili, ni wajibu wa Baro. Nendeni jengo la tribinali, mkaulize ofisi hiyo kwa jina lake la Kifaransa, Bureau de consultations gratuites, maana kwa jina lingine huenda mkaambiwa haipo. Asiye na uwezo aweza pia kuomba asamehewe gharama za tribinali, akionyesha cheti cha umaskini. Cheti hicho kisimwonee haya mtu. Katika jimbo la Kolwezi iko pia Tume ya Haki na Amani. Paroko wenu atawaonyesha njia. Wako na watu wengine wakaao nje ya ofisi na kalamu mfukoni, wasemao, «Mama, nipe kidogo, nitakutengenezea mambo.» Hao wapiteni kwa salamu.

Mwende na nakala ya karatasi yote, kurasa nne, si ule wa mwisho tu wenye mahali pa kutia kidole. Shemeji akikataa kuitoa, mwombeni aiweke mezani mbele ya mzee wa jamaa, nawe binti uipige picha kwa simu. Pigeni pia picha ya nyumba, ya kisima kama kipo, na ya namba ile nyekundu ukutani. Miembe miwili nayo iandikwe. Inazaa, kwa hiyo ina bei.

Barua ya pili, ya kijana aliyeachishwa kazi bila taarifa, tutaijibu juma lijalo.