Kombe Hili Lifunuliwe

Kuna methali moja ningependa tuipumzishe: funika kombe mwanaharamu apite. Mara ya mwisho nilitupiwa likizo iliyopita, Pangani, katika nyumba aliyotuachia babu mzaa mama.

Tulikwenda kuorodhesha mali ya marehemu kwa ajili ya mirathi. Ni nyumba kongwe ya mawe na boriti za mikoko. Ukumbini kumetundikwa nasaba ya ukoo ndani ya fremu ya kioo: fulani bin fulani bin fulani, mpaka ng'ambo ya bahari. Nyuma, karibu na jiko, kuna chumba kidogo kisicho na dirisha. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba ni stoo.

Siku ya tatu akaja jirani, bibi wa miaka 80 na ushei, kutupa pole. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, iwapo tumeshavuka mto kwenda kuzuru kaburi la mama yake babu. Tukatazamana. Mama yake babu tunayemjua sisi amezikwa hapa hapa mjini.

Huyo, akatueleza, alikuwa mke mkubwa, na hakujaliwa mtoto. Aliyemzaa babu ni mke wa pili, aliyeolewa kimya kimya na kulazwa katika ile "stoo". Mtoto akapewa mke mkubwa amlee. Mama mwenyewe alizaliwa mtumwa, katika shamba la miwa la ukoo wetu.

Msiseme ni mambo ya kale. Wajerumani walitawala pwani hii bila kuufuta utumwa. Waliishia kuamuru kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Babu alizaliwa 1934. Mzee aliyenifundisha kusoma saa alinyonyeshwa na mwanamke aliyewahi kuwa mali ya mtu.

Nilipomuuliza mjomba, hakukana. Alisema tu, "Mjomba, funika kombe mwanaharamu apite."

Lakini mwanaharamu ni nani hapa? Ndoa ilifungwa, mtoto ni wa halali. Hata masuria ambao hawakuolewa, sheria ya Kiislamu iliwahesabu watoto waliowazaa na mabwana zao kuwa huru na warithi wa baba. Kwa hiyo tusiisingizie dini. Tunachofunika ni asili ya mwanamke mmoja, kana kwamba aibu ya kumilikiwa ni yake na waliommiliki hawana lao. Sisi ni damu ya pande zote mbili. Tukautundika ukutani upande mmoja, mwingine tukauita stoo.

Na kombe hili halijakaa bure. Wiki ile ile mjomba alikataa posa ya binti yake. Kijana ni mwalimu, ana dini, ana adabu. "Watu wa bara ya mto hawa, asili yao hatuijui," alisema. "Si kufu yetu." Aliyasema akiwa amekaa chini ya ile fremu, naye anajua kaburi la bibi yake liko wapi.

Rafiki zangu chuoni wananiambia kila familia ina haki ya siri zake. Nakubali. Maradhi ya mtu, madeni yake, machozi yake ya usiku, hayo ni yake. Ila siri inayotumika kumfungia mlango mtu mwingine imeshatoka ndani ya nyumba. Inamdhuru mpita njia, na mpita njia ana haki ya kuiuliza. Wapo pia watakaosema nawavunjia wazee heshima. Huyu mama naye ni mzee wetu. Heshima yake iliwahi kulindwa na nani?

Jina lake jirani alinitajia, na nimeliweka daftarini. Sitaliandika hapa, maana nyumbani ndiko linakostahili kuanza kusikika. Mwezi ujao tutamsomea babu hitima ya mwaka, na kabla ya dua yatatajwa majina ya marehemu wa nyumba ile, kama kawaida. Nitaomba na lake litajwe, kwa sauti, mjomba akisikia na binti yake akisikia. Baada ya hapo, atakayetaka kuzungumzia kufu na azungumze.